Daftari la pembe lililosahau ndovu

Mwezi Mei 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza uliondoka Dar es Salaam kuelekea maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki njiani huko Behobeho, jirani na mto Rufiji. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, Mskochi wa miaka 21, akisaidiwa na Chuma, mmoja wa wale waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Walitembea miezi kumi na minne, wakatokea Bagamoyo. Baadaye Thomson aliandika kwamba katika mzunguko wote ule hakuona ndovu hata mmoja, ilhali miaka ishirini tu kabla yake wanyama hao walijaa katika nchi zile bila kusumbuliwa.

Miaka hiyo hiyo Unguja ilikuwa inang'ara. Sultani wake, Seyyid Barghash, aliingiza maji ya bomba mjini, akanunua meli za moshi, na mwaka 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib. Pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizokuwa zikiujaza mfuko wa Sultani. Bara ndovu walikuwa wanakwisha, pwani utajiri ulikuwa unaongezeka, na chanzo cha yote mawili ni kimoja.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ila mali hii ilikuwa na daftari, tena la kina. Kwa miaka mingi forodha ya Unguja ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, maarufu kati yao nyumba ya Jairam Shivji. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi cha fedha walichopatana kwa mwaka, kisha akajikusanyia ushuru. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani kama kilo 16, na zikagawanywa kwa daraja: bab Ulaya zilikuwa kubwa za soko la Ulaya na Marekani, bab Kachi zilikwenda Kachi na Gujarati. Ushuru wenyewe ulitofautiana kulingana na nchi ambako pembe zilitoka, kwa hiyo karani wa forodha alijua zipi zimetoka Unyamwezi na zipi zimetoka kwingine. Jambo ambalo halikuwa na safu katika daftari lake ni ndovu wangapi wamebaki.

Biashara ya kale, njaa mpya

Pembe zilianza kutoka pwani hii zamani sana. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, Periplus, unazitaja kati ya bidhaa za bandari ya Rhapta. Al-Masudi, aliyefika pwani ya Zanji katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe zake hupelekwa Oman, na kutoka huko hadi India na China. Kwa karne nyingi uwindaji haukulazimika kwenda mbali na bahari.

Karne ya 19 ilikuja na njaa ya namna nyingine. India iliendelea kutaka pembe za bangili za maharusi, na kwa kuwa desturi ilikuwa bangili kuharibiwa mume anapofariki, soko halikushiba kamwe. Juu ya India wakaongezeka wateja wa Ulaya na Marekani, waliotaka vitana, mipini ya visu, mipira ya biliadi na, kuliko vyote, vibonyezo vya piano. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu ni laini na hukatika vizuri bila kupasuka.

Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaleta kitambaa cha pamba ambacho bara nzima ilikiita merekani. Viwanda vilipozidi kufanya kazi kwa kasi, nguo ikawa rahisi mwaka hadi mwaka, huku bei ya pembe ikipanda. Kati ya miaka ya 1820 na 1870 bei ya frasila moja Unguja iliongezeka zaidi ya maradufu. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu biashara ya Unguja, ameonyesha kwamba nguvu ya dola ile ya kibiashara ilitoka hapo: ikauza kitu kinachopanda bei, ikanunua kitu kinachoshuka.

Kwa mwenye duka hiyo ni neema. Lakini bei inayopanda ina tabia ya kuficha upungufu. Hata pembe zikipungua, fedha huongezeka, na anayesoma hesabu za fedha peke yake huona ukuaji.

Mpaka unaosogea

Kilichofanya mapato yaendelee kupanda ni kusonga mbele. Kusini, Wayao walileta pembe Kilwa, kisha misafara ikavuka hadi ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Kaskazini, Wakamba, pamoja na wafanyabiashara wakubwa kama Kivoi wa Kitui, walishusha pembe Mombasa. Ndovu walipoadimika Ukambani, watu wa pwani waliingia wenyewe bara, na kufikia miaka ya 1880 misafara yao ilikuwa ikifika Baringo.

Njia kuu ilikuwa ya kati. Burton na Speke walipofika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, mwaka 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga nyumba na kupanda bustani. Mwaka uliofuata waliwakuta wengine Ujiji. Kabla miaka ya 1860 haijaisha wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wamevuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji peke yake ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, pagazi akiwa na mzigo wa frasila mbili begani na hongo, yaani ushuru wa njia, ikilipwa kwa Wagogo kabla ya kuruhusiwa kupita. Mwendo ukirefuka gharama huongezeka. Bei ya Unguja ndiyo iliyozibeba gharama hizo.

Kila nchi mpya ilianza kwa neema ya ghafla. Livingstone alikuta Manyema pembe hazina thamani kubwa kwa wenyeji. Nyingine zilikuwa zimeachwa porini zioze. Wafanyabiashara wa kwanza hawakuhitaji kuwinda. Walinunua pembe za ndovu waliokufa wenyewe katika vizazi vilivyopita, kwa shanga na waya wa shaba. Hiyo ilikuwa akiba iliyojilimbikiza kwa miaka mingi, nayo ilimalizwa kwa miaka michache. Baada ya hapo ilibidi kuua. Waliposhindwa kupata za kutosha kwa kuwinda, baadhi walivamia vijiji, wakateka wanawake na watoto, wakawaachia kwa fidia ya pembe. Julai 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya watu wengi sokoni Nyangwe yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara hao. Alipotoka huko moyo wake ulikuwa umevunjika.

Ndovu jike hubeba mimba miezi 22, huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hiyo anaweza kuvunwa kizazi hata kizazi iwapo mavuno hayazidi mazao. Mfugaji akiuza ng'ombe mmoja kila mwezi, mfukoni atakuwa na fedha kuliko jirani yake anayeuza maziwa; tofauti yao itaonekana zizini. Unguja iliuza ng'ombe, ikaandika maziwa.

Pembe ya mtemi

Bara hawakuwa watu wasiojua thamani ya kilicho chao. Katika nchi nyingi kulikuwa na sheria moja: ndovu akianguka, pembe iliyogusa ardhi ni ya mtemi, ya juu ni ya mwindaji. Kwa lugha ya leo huo ni mrabaha wa asilimia 50, kiwango ambacho serikali nyingi zenye madini haziwezi hata kukitamka mezani. Kupitia pembe hizo watemi walinunua bunduki na baruti, na wengine wakajenga dola. Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, na sababu kubwa ilikuwa ni nani atakayeishika njia ya biashara.

Hata hivyo mrabaha ule ulirudi kununua vitu vinavyokwisha. Nguo huchakaa, baruti hulipuka, na gobori moja huleta haja ya gobori jingine kwa jirani. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, walirudi kwao na merekani na wakati mwingine mifugo. Hao angalau waligeuza jasho kuwa ng'ombe. Wenye misafara walirudi na madeni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyeacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, alikopeshwa mtaji na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Faida iligawanywa kuanzia kwa mwenye fedha kushuka chini.

Sehemu nono zaidi haikubaki Unguja kabisa. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, viwanda viwili, Pratt, Read & Co. cha Deep River na Comstock, Cheney & Co. cha Ivoryton, vilikata pembe kuwa vipande vyembamba kama karatasi ngumu na kuvianika katika majumba ya vioo mpaka viwe vyeupe. Kila piano ina vibonyezo vyeupe 52, na mwaka 1909 pekee Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 350,000. Huko ndiko thamani ilikoongezwa.

Huko pia ndiko upungufu ulikogunduliwa mapema. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya biliadi ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt alijaribu, na kutokana na majaribio yake ikapatikana selulodi, plastiki mojawapo ya mwanzo kabisa. Mnunuzi aliiona hatari akatafuta njia nyingine. Muuzaji aliendelea kusogea magharibi.

Mwisho wa magharibi ulikuwa Kongo. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leopold yaliwapiga wafanyabiashara wa Manyema, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa. Pembe zikateremka mto Kongo kwenda Antwerp badala ya Bagamoyo. Zilipoanza kutotosha, dola ya Leopold iligeukia mpira wa pori, ikawalazimisha watu kuukamua kwa viboko na bunduki mpaka mitambaa ya mpira nayo ikamalizwa sehemu nyingi. Kilichobaki cha misafara ya Unguja upande ule, kinachozungumzwa hadi leo Kindu na Kisangani, ni Kiswahili.

Hesabu ilirudiwa

Wakoloni walijaribu kufungua ukurasa mwingine. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya leseni za uwindaji na kutenga hifadhi, mojawapo Rufiji. Mkutano wa London wa 1900 uliazimia kukataza pembe za chini ya kilo 5. Hifadhi ziliwazuia zaidi Waafrika walioishi ndani yake kuliko Wazungu waliokuja na leseni, lakini ndovu walirudi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 eneo la Selous lilikuwa na zaidi ya 100,000.

Kisha bei ikapanda tena, na historia ikajirudia bila kubadilisha hata njia. Ujangili wa miaka ya 1980 ulifagia Selous mpaka serikali ikaanzisha Operesheni Uhai mwaka 1989, mwaka ambao Rais Moi wa Kenya alichoma tani 12 za pembe Nairobi na dunia ikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Ndovu wakaongezeka. Wimbi la tatu likaja: sensa ya 2009 ilihesabu ndovu 109,051 Tanzania nzima, ya 2014 ikakuta 43,330. Tofauti na enzi za Barghash, safari hii kulikuwa na wa kuhesabu, na takwimu hizo ndizo zilizoamsha kelele. China ilifunga soko lake halali mwishoni mwa 2017.

Ndovu wanaweza kurudi wakiachwa. Dhahabu ya Geita haizai, wala tanzanaiti, ambayo haijapatikana popote duniani ila Mererani. Hata hivyo Pato la Taifa, kama linavyokokotolewa Tanzania na kwingineko, huandika madini yaliyouzwa kuwa ukuaji, na halikati thamani ya yaliyotoka ardhini. Ni daftari la Jairam Shivji, ila sasa liko kwenye kompyuta. Ukuta uliojengwa kuzunguka Mererani mwaka 2018 unajibu swali la nani anaiba, na hilo ni swali la haki. Ila jiwe lililopita getini kwa stakabadhi limepungua sawasawa na lile lililopita kwa magendo.

Unguja yenyewe ilifanya jambo moja lililodumu. Seyyid Said aligeuza sehemu ya fedha za biashara kuwa mikarafuu. Husimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Ilipandwa kwa mikono ya watumwa, na doa hilo halifutiki. Lakini pembe zote zilizopita forodhani zimekwisha, na karafuu za Pemba bado zinauzwa. Kwa hiyo kila Juni, bajeti inaposomwa Dodoma, haitoshi kusikia madini yameingiza shilingi ngapi. Wabunge waulize pia ni ngapi kati ya hizo zimegeuzwa shule, reli, viwanda au mashamba yatakayoendelea kuzaa siku ambayo mgodi utafungwa, na jibu liandikwe katika daftari lile lile.