Mfalme Ashoka na Majuto Yaliyochongwa Jiweni

Tangu zamani za kale wafalme wamependa kuandikisha habari zao juu ya mawe, na maandishi hayo karibu yote ni ya kujisifu: nchi zilizotekwa, maadui waliouawa, majumba yaliyojengwa. Leo twataka kueleza habari za mfalme mmoja wa Bara Hindi aliyeandikisha majuto yake.

Mfalme huyo ni Ashoka, mjukuu wa Chandragupta. Alitawala tangu mwaka 268 hivi hata mwaka 232 hivi kabla ya Kristo, na makao yake yalikuwa Pataliputra, mahali palipo leo mji wa Patna. Dola yake ilienea sehemu kubwa ya Bara Hindi, hata nchi iitwayo leo Afghanistan. Lakini katika pwani ya mashariki ilikuwako nchi isiyomtii, yaani Kalinga, iliyo leo katika jimbo la Odisha. Mwaka wa nane baada ya kutawazwa, Ashoka akaipiga vita akaishinda.

Yaliyotokea twayajua kwa maneno yake mwenyewe. Katika tangazo lake la kumi na tatu asema ya kwamba watu 150,000 walichukuliwa mateka, 100,000 wakauawa, na wengine wengi zaidi wakafa kwa sababu ya vita ile. Aongeza ya kuwa hata aliyesalimika huumia, kwa kuwa rafiki na jamaa zake wamepatwa na msiba.

Baada ya vita Ashoka alishika kwa bidii mafundisho ya Buddha, aliyezaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, zaidi ya miaka mia kabla yake. Buddha alifundisha ya kwamba maisha yana mateso, ya kwamba mateso hutokana na tamaa, ya kwamba tamaa yaweza kukomeshwa, na ya kwamba iko njia ya kuikomesha: nia njema, maneno ya kweli, kazi isiyodhuru na utulivu wa moyo.

Mafundisho hayo Ashoka aliyageuza kuwa kazi za serikali. Aliamuru visima vichimbwe, na miti ipandwe kando ya njia kuwapa wasafiri kivuli. Dawa zitafutwe kwa ajili ya watu na wanyama. Wala mtu asiitukuze dini yake kwa kuitukana ya mwenziwe. Alizuru Lumbini mwenyewe, akasimamisha nguzo, akawapunguzia wanakijiji kodi.

Hata hivyo haifai tumfanye malaika. Kalinga hakuirudishia uhuru wake. Na watu wa misituni aliwaonya ya kuwa, ijapokuwa anajuta, nguvu ya kuadhibu anayo. Tena liko jambo la kufikiriwa sana. Tangazo la majuto lilichongwa katika majimbo mengine, lakini juu ya mwamba wa Dhauli, katika Kalinga yenyewe, halimo. Mahali pake yamo maneno mengine, ya kuwa watu wote ni watoto wake, na ya kuwa maofisa wake wasimfunge mtu wala kumtesa pasipo haki. Labda aliona haya. Labda aliogopa kuwakumbusha walioshindwa hesabu ya wafu wao. Wafiwa walipewa ahadi ya haki, lakini ungamo lilisomwa mbali nao.

Baadaye dola ile ikaanguka, na herufi zake zikabadilika kidogo kidogo, hata hapakuwa na mtu wa kuzisoma. Katika karne ya 14 Sultani Firuz Shah alihamisha nguzo mbili za Ashoka akazisimamisha Delhi, lakini wataalamu aliowaita hawakuweza kumwambia zimeandikwa nini. Ikawa hivyo hata mwaka 1837. Mwaka huo James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha kupiga sarafu mjini Calcutta, alitazama maandishi mafupi yaliyotoka katika hekalu la Sanchi. Aliona ya kuwa mengi yamalizika kwa herufi zile zile, akakisia ya kuwa neno hilo maana yake ni zawadi, kwa kuwa waumini huandika majina yao juu ya vitu walivyotoa. Kwa ufunguo huo mdogo mlango ukafunguka, na Ashoka akasema tena.

Nguzo ya Lumbini ilionekana mwaka 1896, ikashuhudia mahali alipozaliwa Buddha. Mwaka 1947 India ilitia katika bendera yake gurudumu la nguzo ya Ashoka iliyoko Sarnath, mahali Buddha alipohubiri mara ya kwanza.

Wahenga husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza ya kuwa daftari bila msomaji ni jiwe tu. Hesabu ya wafu wa Kalinga ilikaa wazi juani karne nyingi, na watu wakapita mbele yake wasijue. Basi tujifunze kusoma vema, tusije tukapita.