Ngamia Wetu na Tofauti za Maziwa Yao

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walimjua ngamia tangu zamani, lakini walimjua kwa kazi moja. Katika Lamu na Unguja alifungwa kwenye kinu, akazunguka kutwa ili ufuta utoe mafuta. Huko kaskazini mwa Kenya mambo ni kinyume: ngamia hakamui, bali hukamuliwa. Kwa Msomali, Mrendille, Mgabbra na Mturkana, maziwa ya ngamia ni chakula, ni mahari, ni baraka inayomwagwa katika ibada. Basi yafaa vijana wetu waelewe kwamba maziwa hayo si ya namna moja, na kwamba tofauti zake zimebeba sehemu ya historia ya taifa.

Duniani kuna aina mbili kuu za ngamia wafugwao. Yuko mwenye nundu mbili, akaaye nchi za baridi za Asia ya Kati, na yuko mwenye nundu moja, wa Arabuni na Afrika, ambaye ndiye wetu. Maziwa ya yule wa nundu mbili ni mazito zaidi. Mara nyingi mafuta yake hufikia asilimia 5 au kupita. Ya ngamia wa nundu moja kwa kawaida huwa kati ya asilimia 3 na 4. Huko Kazakhstan, ambako aina zote mbili hufugwa pamoja na machotara wao, wataalamu wameweza kuyapima maziwa hayo katika nchi moja na kuiona tofauti hiyo.

Hata hivyo, ngamia wa nundu moja nao hawafanani. Wafugaji wa Kenya hutambua ngamia wa Kisomali, mwenye mwili mkubwa na kiwele chenye maziwa mengi. Ngamia wa Kirendille na Kigabbra, mdogo kidogo, mvumilivu wa mawe na kiu. Na ngamia wa Kiturkana, mdogo kuliko wote. Aina hizi hazikuzuka zenyewe. Zilitokana na watu kuchagua madume kwa vizazi vingi, na nchi nayo ikachagua kwa njia yake. Waturkana, waliokuwa kwanza wafugaji wa ng'ombe, waliwapata ngamia baadaye kutoka kwa jirani zao, mara nyingi kwa uvamizi, wakawalea katika nchi kavu ya magharibi mwa ziwa. Warendille waliwalea wao katika jangwa la Kaisut, na Wagabbra kandokando ya Chalbi. Kwa hiyo umbo la mnyama ni kama kitabu cha safari za wenyewe.

Je, tofauti ya maziwa hutokana na damu ya mnyama peke yake? La. Mwaka 1980 watafiti R. Yagil na Z. Etzion walitangaza matokeo ya kuwapima ngamia walionyweshwa maji mara moja tu kwa juma. Mtu angedhani kwamba mnyama mwenye kiu atatoa maziwa mazito. Ikawa kinyume: maji katika maziwa yaliongezeka hadi asilimia 91, na mafuta yakashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.1. Mama mwenye kiu alimpa ndama wake maji ambayo yeye mwenyewe aliyakosa. Zaidi ya hayo, malisho ya majani yenye chumvi huyapa maziwa ladha ya chumvi, na umri wa ndama nao hubadili uzito wake. Basi ngamia yule yule, katika mwaka mmoja, aweza kutoa maziwa ya namna nyingi kuliko tofauti iliyopo kati yake na ngamia wa kabila jingine.

Jambo hili si la maabara tu. Ukame wa 1984 uliwaulia Wasamburu ng'ombe wengi, na baada yake wengi wao wakaongeza ngamia katika mazizi yao. Siku hizi wanawake wa Isiolo hukusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka kwa gari hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa yafikapo mjini hukutana na mnunuzi aliyezoea maziwa ya ng'ombe. Akiyaona mepesi wakati wa kiangazi, upesi atasema kwamba mama yule ametia maji. Kumbe huenda aliyetia maji ni ngamia mwenyewe, kwa huruma aliyoumbiwa. Heshima ya mtu na riziki ya watoto wake hutegemea kama mpimaji anaijua habari hiyo. Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Iko hatari ya pili. Katika miaka ya 1990 waliletwa Kenya ngamia wa Pakistan, wakapandishwa na wa hapa ili maziwa yazidi. Nia hiyo ni njema, maana sensa ya 2009 ilihesabu karibu ngamia milioni 3 nchini, na mali kubwa hivyo yastahili kuendelezwa. Lakini lita nyingi zadai majani mengi na maji ya karibu. Ngamia mdogo wa Kirendille atoaye kidogo, lakini akaendelea kutoa wakati ng'ombe wamekwisha kukauka, ana thamani isiyoonekana katika kipimo cha siku moja. Katika nchi isiyo na mboga wala matunda, maziwa yake huwapa watoto vitamini C, ambayo imo kwa wingi kuliko katika maziwa ya ng'ombe.

Kwa hiyo, tunapofundisha habari za maziwa haya, tusimfundishe mwanafunzi kuuliza tu, "Ni mafuta kiasi gani?" Na aulize pia: ni ngamia wa nani, amekula nini, amekunywa lini, na ndama wake ana miezi mingapi? Maswali hayo ndiyo ayaulizayo mchungaji kila jioni kabla ya kushika kibuyu. Sayansi yetu itakuwa yetu kweli itakapoanza kwa kumsikiliza yeye, kisha ikaongeza vipimo vyake juu ya ujuzi huo.