Jinzi ya Soo Mbili

Wiki iliyopita mlinijazia simu meseji kwa sababu ya ile jinzi. Ile ya buluu iliyopauka, kiuno juu, miguu mipana, niliyovaa na sweta la kahawia. Ati nimeitoa duka gani Nairobi. Msee mmoja akaapa kwamba kuna kampuni inanivisha.

Hakuna kampuni. Niliitoa hapa Chepseon, kwenye turubai kando ya barabara ya Kericho kwenda Nakuru. Mama alianzia 350. Nikamwambia sina nauli ya kurudi nyumbani, akacheka, maana anajua kwetu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Akaniachia kwa soo mbili. Fundi wa cherehani akachukua soo moja kupunguza kiuno. Hesabu imeisha: shilingi 300.

Lakini si bei iliyonifanya niandike. Jioni niliigeuza ndani nje ili niifue (fueni jinzi hivyo kila mara, kwa maji baridi, na muianike kivulini, rangi itakaa), nikaona lebo ndogo kando ya mshono. Imefifia lakini inasomeka. Nguo imeshonwa Kenya.

Nikabaki nimeishika tu. Mtumba, uliotoka ng'ambo, umeshonwa Kenya. Sasa imefikaje ng'ambo, na kwa nini imerudi?

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu Marekani haikuanza kutuvisha jana. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said aliweka mkataba wa biashara na Marekani, na meli za kutoka Salem, Massachusetts, zikawa zinatia nanga Zanzibar. Zilileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho hakijapaushwa. Watu wa pwani wakakiita merikani, na jina hilo mpaka leo liko kwenye kamusi. Kitambaa hicho kilikuwa pesa. Msafara wa kwenda bara ulibeba merikani kama vile wewe unavyobeba M-Pesa: ulilipia chakula, ulilipia njia, ulilipia pembe za ndovu. Na pamba iliyofumwa huko Massachusetts ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani, ikichumwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Soma tena hiyo sentensi. Watu waliochukuliwa Afrika walichuma pamba, ikafumwa, ikaletwa Afrika kununua vitu. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, kitambaa cha Bombay na cha Uingereza kikaingia hilo pengo.

Huko pwani nguo ilikuwa pia kitambulisho cha cheo. Mwanamke mtumwa Zanzibar alivaa merikani au kaniki, ile iliyotiwa rangi ya giza. Utumwa ulipofutwa kisheria kule mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa wakaachana na kaniki na kukimbilia kanga. Fikiria. Jambo mojawapo la kwanza walilofanya na uhuru ni kubadilisha walichovaa. Tena kanga haikuwa nguo ya matajiri, ilikuwa pamba ya bei ya chini yenye rangi, ila ilibadilika haraka, na aliyekuwa na toleo la mwaka jana alijulikana. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla", alianza biashara yake mwaka 1887, na hizo leso bado zinauzwa. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba kupenda kupendeza ni ujinga wa vijana wa siku hizi, wakumbushe hao wanawake.

Huku kwetu juu kwenye baridi, nguo wakati huo ilikuwa ngozi ya mbuzi na ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta, na shanga, na ndewe za masikio zilizovutwa mpaka zikaning'inia. Kulikuwa na mtindo, usidhani. Halafu reli. Ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imepita hapa nyuma yetu tu, Londiani na Lumbwa, hiyo Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo. Reli ikaleta maduka ya Wahindi, na maduka yakaleta vitambaa. Serikali ya mkoloni ikaleta kodi ya nyumba, na kodi ikamaanisha lazima utafute shilingi. Miaka ya 1920 Brooke Bond na African Highlands wakapanda chai Kericho, na hapo mshahara ukapatikana, mdogo, lakini unaoweza kununua shati.

Na kabuti. Nyinyi mnajua kabuti? Koti zito refu la jeshi. Baada ya vita vikubwa makoti ya askari yaliuzwa kama masalio, na kwa mtu anayeamka alfajiri Kericho, umande mpaka kwenye magoti, koti la askari lilikuwa baraka. Kwangu mimi hiyo ndiyo mitumba yetu ya kwanza. Vijana wa Nairobi leo wananunua koti refu kama hilo kwa elfu tatu na kusema ni fasheni mpya. Babu zenu walilivaa wakikamua ng'ombe.

Na kwa kuwa nimetaja kukamua, acha niseme hili niendelee: mafuta ya Arimis mnayoyaona kwenye video zangu yalitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe. Nchi nzima inajipaka usoni. Kwa baridi ya huku hakuna lotion ya elfu moja inayoyashinda, na siombi msamaha.

Turudi. Baada ya uhuru, Kenya ilitaka kujivisha. Kulikuwa na Kicomi pale Kisumu. Kulikuwa na Rivatex, Eldoret, iliyoanzishwa 1976. Wakulima walilima pamba, viwanda vilisokota nyuzi na kufuma, na nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo ziliwekewa vizuizi zisije zikaua soko. Zilikuwepo, lakini kwa kujificha. Tanzania watu waliziita kafa Ulaya, yaani mwenyewe amekufa huko Ulaya, ndio maana nguo imefika hapa. Ghana wana jina lao lenye maana hiyo hiyo. Ilikuwa vigumu kwa mtu wa kawaida kuamini kwamba binadamu mzima, anayepumua, anaweza kutupa koti zuri.

Hilo wazo halijafa. Mwaka 2022, kwenye kampeni, Raila Odinga alizungumzia mitumba kama nguo za watu waliokufa, na nchi ikawaka. Ikabidi afafanue kwamba nia yake ni kufufua viwanda. Hoja ya viwanda ilikuwa na maana. Lakini alikuwa amegusa aibu ya watu, na aibu haisikilizi hoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ilifunguliwa, Benki ya Dunia na IMF wakisukuma kwa nyuma. Mitumba ikaingia Mombasa kwa makontena, ikapanda Gikomba, ikasambaa. Mtumba wenyewe ni furushi lililobanwa kwa mashine, mara nyingi kilo 45, na mnunuzi haoni ndani. Ni bahati nasibu. Likifunguliwa, zile nguo bora kabisa zinaitwa kamera, zinachukuliwa na wenye maduka kabla hata jua halijatoka. Zinazobaki mwisho zinaitwa fagia. Ukitaka kuvaa vizuri kwa bei ya chini, historia yote hii inakuja kuwa jambo moja: ujue mtumba unafunguliwa saa ngapi, na uwe hapo.

Viwanda vikaanguka. Kicomi ikafungwa. Rivatex ikafilisika, na mwaka 2007 ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Kuna watu wanasema mitumba ndiyo iliyoviua, na kuna wanaosema viwanda vilijiua. Mimi nasema vilikuwa vimeugua tayari. Mkulima wa pamba halipwi kwa wakati, mashine zimezeeka, usimamizi unajulikana ulivyokuwa, halafu nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia nazo zinaingia. Mitumba ilimkuta mgonjwa kitandani ikamvuta shuka.

Sasa ndiyo tunafika kwa jinzi yangu. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa AGOA, iliyoruhusu nchi za Afrika kuuza nguo kule bila ushuru. Viwanda vikajengwa Athi River na kwingineko, kwenye maeneo maalum ya kuuza nje, na maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake, wakaketi nyuma ya cherehani kushona jinzi za watu wa Marekani. Kitambaa chenyewe kwa kawaida hakifumwi hapa. Kinatoka Asia. Sisi tunashona. Jinzi inapanda meli Mombasa, inavaliwa huko, inatolewa kwenye sanduku la misaada, inabanwa kwenye mtumba, inashuka Mombasa tena, inapita Gikomba, inapanda gari mpaka kwenye turubai la Chepseon. Na mimi nalipa soo mbili kwa kitu ambacho pengine kilishonwa mwendo wa saa chache kutoka hapa.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba polepole, ifikapo 2019 iwe imeisha. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, kinaitwa SMART, kikalalamika kwa serikali yao: hawa wakikataa nguo zetu, kwa nini waendelee kufaidi AGOA? Kenya ikarudi nyuma haraka sana. Rwanda ilikataa. Ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, na haikuteremsha. Mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafasi ya kuuza nguo bila ushuru. Kwa maneno ya mtaani: ukitaka kuwashonea nguo mpya, kubali kununua zao zilizochakaa.

Hapo ndipo nilipokasirika, sitadanganya. Si kwa sababu ya jinzi. Ni kwa sababu nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, nilikuwa nadanganya. Nilisema nguo zangu ni za duka. Nilikuwa na rafiki ambaye naye alidanganya, tukakutana Jumamosi moja Gikomba, kila mtu ameinama kwenye rundo lake, tukajifanya hatujaonana. Miaka miwili ya kuona haya kwa sababu ya jambo lililoamuliwa na watu wenye tai, mezani, kabla sisi hatujazaliwa.

Lakini pia sitaki mniletee hadithi ya kupiga marufuku kesho asubuhi. Tulionja. Mwaka 2020 korona ilipoingia, serikali ilizuia mitumba kuanzia Machi mpaka Agosti. Waliokosa kazi ni kina mama wenye turubai, fundi wa cherehani, na kijana anayepiga pasi kwa makaa. Rivatex haikuwa imejaa shati za soo mbili za kuwapa wauze.

Na hao wauzaji wanalipa bei ambayo haiko kwenye lebo. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lilitoka barabarani pale Londiani Junction, hii barabara yetu, likaingia kwenye magari na kwa wachuuzi waliokuwa kando. Zaidi ya watu 50 walikufa. Siku zilizofuata serikali ikasema masoko yaondoke kando ya barabara, na hakuna aliyebisha wiki hiyo. Lakini mteja anashuka kwenye matatu, hapo hapo barabarani. Mama aliyeniuzia jinzi alivuta turubai lake nyuma ya mtaro. Ananiambia mauzo yalipungua, na hatarudi mbele.

Ukija kwake, njoo siku ya soko, mapema. Mwezi wa kumi bonasi ya chai ikitoka bei zinapanda, kwa hivyo nunua kabla. Angalia kwapa na katikati ya mapaja, hapo ndipo nguo hufa kwanza. Panda na kushuka na zipu mara tatu. Usinunue kwa ajili ya jina lililoandikwa kifuani, nunua kitambaa. Hilo nilifundishwa na mzee mmoja wa kwetu aliyefanya kazi kiwanda cha nguo miaka hiyo. Yeye huchomoa uzi mmoja pindoni, anauchoma kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Ikiyeyuka na kuacha kijishanga kigumu, hiyo ni plastiki, utatoka jasho nayo mpaka ujute.

Nilimpelekea jinzi juzi. Nikamweleza habari zote za Athi River na AGOA, nikidhani atashangaa. Hakuniangalia hata. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa mguu kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anasoma.

"Huyu binti ameshona," akasema.

Kisha akafika kiunoni, kwa fundi wangu wa soo moja. Akavuta kidogo, uzi ukalegea.

"Hii hapana, lakwet. Rudisha."

Iko kwa fundi tangu jana. Amesema niipitie Ijumaa.