Kiyoyozi cha Chepkoilel, na ukoo mrefu wa matapeli wetu

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kazi za watu zimenibana. Leo nimerudi kwa sababu ya binamu yangu mdogo, aliyepata nafasi ya chuo mwaka huu. Wiki iliyopita alinitumia picha ya chumba alichokiona mtandaoni akaniuliza, "Kaka, nitume dipoziti?" Niliiangalia ile picha nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikampigia simu kabla hajabonyeza kitu. Kicheko hicho kilianza mwaka 2016.

Kwa wasiopajua: Chepkoilel ni pale Chuo Kikuu cha Eldoret kilipo, kilomita 9 hivi kutoka mjini ukifuata barabara ya Ziwa. Palianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza walowezi kilimo cha mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakawa chuo cha walimu, 1990 tawi la Chuo Kikuu cha Moi, na 2013 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Jina rasmi limebadilika mara kadhaa lakini makanga wa matatu bado anaita Chepkoilel, nasi tunashuka. Mashamba ya mahindi yapo bado, ila katikati yake zimeota ploti za kupangisha wanafunzi. Pale penye vijana mia kadhaa wanaotafuta chumba kwa wiki moja, wakiwa na pesa za mzazi mfukoni, tapeli naye hupanga foleni.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, nasomea kompyuta, najiona mjanja. Nikaona tangazo: chumba kimoja chenye choo na bafu ndani, maji hayakatiki, 4,500 kwa mwezi, karibu na geti. Nikapiga simu. Bwana mwenye sauti ya upole akaniambia kuna wanafunzi wengine wawili wanakitaka, kwa hiyo nikituma dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza atanishikia. Jumla 9,000. Mama alikuwa amenipa 12,000, pesa ya maziwa na ya magunia machache ya mahindi, itoshe chumba, godoro na chakula cha mwanzo.

Nilipoingiza namba, M-Pesa ikanionyesha jina la mwenye laini kabla pesa haijaondoka. Huduma hiyo inaitwa Hakikisha na ilikuwa imeletwa mwaka mmoja tu kabla, 2015. Jina lilikuwa la mwanamke. Nikaghairi, nikampigia yule bwana. "Ah, hiyo ni laini ya mke wangu, yangu ina shida." Nikatuma. (Naandika programu za malipo sasa hivi, na kila nikiweka kisanduku cha kumwonyesha mteja jina la mpokeaji namkumbuka huyo "mke".)

Siku ya kuhamia nilifika na godoro limefungwa nyuma ya bodaboda. Mzee mlinzi wa ile ploti akanisikiliza mpaka mwisho, akaomba aone namba niliyotumia, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, wewe ni wa tatu tangu Jumatatu. Hapa hakuna chumba kitupu tangu mwezi wa nne." Nikamwonyesha picha. Akaikodolea macho, akauliza kwa upole kabisa: "Na hiki kisanduku cheupe juu ya dirisha ni nini?"

Kilikuwa kiyoyozi. Ndugu msomaji, Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba tunavaa makoti darasani. Hakuna mwenye ploti Chepkoilel aliyewahi kufikiria kumpoza mpangaji wake! Picha ilikuwa ya nyumba ya pwani, au ya nchi nyingine kabisa, nami nilikuwa nimeitazama mara ishirini bila kuiona. Picha ya binamu yangu nayo ina kiyoyozi. Si ile ile, ila ni ya ukoo mmoja.

Nilipiga ripoti kituoni, wakaniandikia namba ya OB, ikaishia hapo. Kilichobaki ni hasira, na hasira ya mwanafunzi wa kompyuta huishia maktaba. Nikaanza kusoma: hawa watu wametoka wapi?

Mbali sana. Karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, watu walipokea barua kutoka kwa "mfungwa wa Hispania": tajiri amefungwa kwa kuonewa, ana hazina imefichwa, saidia gharama kidogo za kumtoa nawe utapata fungu lako. Gharama ndogo ilizaa gharama nyingine mpaka mfuko ukauke. Miaka ya 1980, mapato ya mafuta yalipoanguka na maisha kuwa magumu Nigeria, barua hiyo hiyo ikafufuka na afisa wa serikali badala ya mfungwa, ikasafiri kwa posta, kisha kwa faksi, kisha kwa barua pepe. Jina lake, 419, ni namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachokataza udanganyifu huo. Sisi nasi tulikuwa na pata potea kwenye stendi za basi, karata tatu na wale "wateja" wanaoshinda kila mara ambao kumbe ni wenzake mwenye karata. Wale wanafunzi wawili waliokitaka chumba changu walikuwa hao hao.

Halafu kuna mbinu iliyokua pamoja na tovuti za matangazo ya bure. Craigslist ilianzishwa San Francisco mwaka 1995, na walaghai wakajifunza mchezo wa hundi: unauza kiti, mnunuzi anakuletea hundi yenye pesa zaidi ya bei, anakuomba umrudishie chenji. Benki inakuwekea pesa leo lakini inagundua hundi ni bandia baada ya siku kadhaa. Chenji uliyorudisha ilikuwa pesa yako halisi. Ukiniuliza mimi, huu ndio uliozaa utapeli wa Kenya ninaouona sana, japo mtu wa kawaida hapa hajawahi kushika hundi. Yote inakaa kwenye ule mwanya kati ya *habari* kwamba pesa imefika na pesa yenyewe kufika.

M-Pesa ilianza rasmi Machi 2007. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 1. Mwanzoni mwa 2008 zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, na Eldoret ni kati ya miji iliyoumia zaidi. Maduka na benki zimefungwa, barabara zimezibwa, na watu waliokwama walitumiwa pesa na krediti na ndugu zao kwa simu. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima wakisoma ujumbe mfupi kwa sauti kama wanasoma telegramu. Nadhani ndipo ule ujumbe ulipopata heshima ya pesa taslimu. Mtu akiona neno "Confirmed" alikuwa amelipwa. Nani angeenda kuangalia salio?

Tapeli akaiona heshima hiyo. Anakuandikia ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, kwamba umepokea 3,000, kisha anapiga simu analia: nimetuma kwa makosa, ni pesa ya hospitali, nirudishie tafadhali. Unarudisha pesa yako. Ni ile hundi, bila hundi. Kuna na ule mwingine mnaujua wote: "Ile pesa tuma kwa hii namba, ile ingine ina shida." Nilikuwa nikiudharau mpaka nikaufikiria kama mtu wa programu. Hautumwi kwako. Unatumwa kwa maelfu, hasa mwisho wa mwezi, na katika maelfu hao lazima awepo mmoja aliyekuwa na simu mkononi akitaka kumtumia mwenye nyumba kodi. Huyo mmoja anatosha. Wengi wa wapigaji walisemekana kuwa gerezani Kamiti, na ni kweli kwamba maofisa wa magereza wamefanya msako huko mara kwa mara na kutoka na simu.

Matangazo nayo yalihama. Zamani tangazo la gazeti lililipiwa, na aliyelipa alionekana dirishani. Tovuti za bure zikaondoa dirisha. OLX ilipata umaarufu mkubwa Kenya kuanzia 2012, ikafunga ofisi yake hapa 2018, na 2019 biashara yake katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, ikanunuliwa na Jiji. Vikundi vya Facebook vikachukua sehemu kubwa ya vyumba vya wanafunzi. Serikali haikulala: laini zisizosajiliwa zilizimwa baada ya Desemba 2012, na Mei 2018 ikaja sheria ya makosa ya mitandao inayotaja ulaghai wa kompyuta na wizi wa utambulisho. Lakini laini inaweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Tapeli wa laini akazaa yule anayeiteka laini yako yenyewe, na kituo cha Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, kikapata jina baya ambalo wakazi wake wengi hawakulistahili.

Sasa niwape kitu cha fundi. Februari 2018 mwenzangu aliuza simu pale njia panda ya Chepkoilel. Mnunuzi akamwonyesha amelipa, ujumbe ukaingia, simu ikaondoka. Pesa haikuwepo. Nilihifadhi picha ya ule ujumbe. Nilipoanza kazi na kushughulika na Daraja, mlango ambao Safaricom ilitufungulia sisi waandishi wa programu ili tuzungumze na M-Pesa, nikaona mfano kwenye maelezo yao: NLJ7RT61SV, muamala wa tarehe 19 Desemba 2019. Nikaulinganisha na ujumbe wangu mwenyewe wa siku hiyo, na wa siku nyingine, nikaona mpango. Herufi ya kwanza ni mwaka: N ni 2019, O ni 2020, na kuendelea hadi T kwa 2025. Ya pili ni mwezi: A ni Januari, L ni Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 kwa tarakimu, kisha A ni 10, B ni 11, hivyo J ni 19.

Nikaifungua ile picha. Februari 2018 ujumbe wa kweli ungeanza na MB. Wake ulianza na LH: Agosti 2017. Tapeli alichukua ujumbe wake wa zamani, akabadilisha jina, kiasi na tarehe, akaacha namba ya muamala kwa kuwa hakujua inasema.

Msiutegemee ujanja huo peke yake. Anayesoma haya anaweza kuwa na yeye ni tapeli. Nilichomwambia binamu yangu ni hiki. Salio linaloandikwa mwishoni mwa ujumbe, mgeni hawezi kulijua, kwa hiyo likilingana na hesabu yako ni dalili njema, na kuliuliza kwenye menyu ni bora zaidi. Akiambiwa pesa imeingia kwa makosa asirudishe kwa mkono wake. Mwenye kukosea ndiye apeleke ule ujumbe 456 na kuomba irudishwe. Ujumbe wa kitapeli aupeleke 333. Safaricom ikimpigia, itatumia 0722 000 000 tu. Na chumba, apande matatu akakione, aguse ukuta, azungumze na mlinzi na wapangaji kabla ya mwenye nyumba. Nauli ya kutoka mjini ni kidogo kuliko dipoziti yoyote.

Akaenda Jumamosi. Ploti ipo, chumba hakipo.

Mama sikumwambia mpaka 2020, nilipopata mshahara wa kwanza na kumtumia 9,000 bila maelezo. Akapiga simu papo hapo kuuliza kama ni mimi kweli au ni wale watu. Nikamweleza yote. Akasema alijua tangu zamani, kwa sababu muhula ule nilimwomba pesa ya godoro mara mbili.