Flavonoidi Hupunguza Uvimbe Upi?

Gonja, upande wa mashariki wa Milima ya Upare, haiko mbali na Mamba Myamba, ambako tangawizi ndiyo zao la sifa. Tangawizi, kama dawa nyingi za asili, husifiwa kwamba "inaondoa uvimbe". Sifa hiyo ina mtego. Mwanamke aliyeambiwa hospitali kuwa ana uvimbe kwenye kizazi husikia neno lilelile na kudhani dawa imepatikana.

Wanasayansi wanazungumzia kitu kingine. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alikieleza kwa dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni dalili moja tu. Kuna mahali Kiswahili kimechukua ile ya joto: homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Afadhali basi kusema inflamesheni, neno zito mdomoni lakini lisilompoteza mgonjwa.

Flavonoidi, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya njano, ni kemikali za mimea. Zimetambuliwa zaidi ya 6,000. Kiunzi chake kina kaboni 15: pete mbili za kaboni sita sita, katikati kaboni tatu. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na wenzake waliziita vitamini P, jina lililokuja kuachwa.

Gingeroli ya tangawizi haimo kundini. Ni fenoli, ila haina kiunzi hicho. Anayetaka flavonoidi atazame kitunguu maji chekundu: kwersetini yake imejaa zaidi kwenye matabaka ya nje, yale ambayo mpishi huyatupa pamoja na maganda.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo NF-kB, iliyogunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Kwa kawaida hukaa nje ya kiini, imezuiwa na protini nyingine, IkB, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Bakteria wakivamia, kimeng'enya IKK huibandika IkB fosfati, IkB huvunjwavunjwa, na NF-kB huingia kwenye kiini kuwasha jeni za protini zinazoleta inflamesheni, kama TNF, interleukini-6 na COX-2. Mishipa midogo hutanuka, majimaji huvuja, nyama huuma. Katika maabara, kwersetini na flavonoidi nyingine, luteolini, huizuia IKK, na kamba haikatwi.

Lakini maabara si tumbo. Seli za maabara mara nyingi humwagiwa kwersetini ya mikromoli 10 hadi 50 kwa lita. Baada ya mlo wa kawaida, damu haifikishi hata moja, tena sehemu kubwa imeshageuzwa na utumbo na ini. Hata hivyo kitunguu si haba: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1995 ulionesha kwersetini yake ikifyonzwa kwa asilimia 52, na ile safi kwa asilimia 24 tu. Tofauti ilitokana na sukari iliyoshikamana nayo.

Fibroidi, uvimbe wa kizazi kama ule wa mwanamke wa mwanzoni, ni misuli ya kizazi iliyoota kupita kiasi. Sahani ya kachumbari haiondoi uvimbe wa namna hiyo, hata kama kila tabaka la kitunguu limo. Ukubwa wake na mahali ulipo hujulikana kwa altrasaundi.