Ndege ya Bibi pale Likoni

Bibi hakuwahi kupanda ndege. Lakini kwenye picha yake moja tu tuliyobaki nayo, amesimama mbele ya ndege, kajifunga leso mpya, mkoba mkononi, na bawa lililochorwa kwa rangi ya nyumba limempita juu ya bega. Nyuma pameandikwa: Likoni, 1995. Alikuwa akitoka Msambweni kwenda Mombasa, feri ikachelewa, akaingia kwenye kibanda cha picha.

Vibanda vile vya ferini vilikuwa studio za wasio na studio. Ng'ambo, Mombasa mjini, N. V. Parekh alipiga picha za watu wa pwani tangu miaka ya 1940, kwa taa na subira. Huku Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha wengi walikuwa vijana wa kutoka bara, na kamera ya mkanda na pazia lililochorwa meli, ndege au maghorofa. Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wa bara wakaanza kusakwa, na biashara hiyo ikaumia pamoja nao.

Nilipotafuta kamera ya kuanzia kazi Diani, picha hiyo ndiyo iliyonifunza hesabu. Manake kilichomla yule kijana wa ferini si kamera, ni mkanda: picha 36, kusafisha, karatasi, na mteja asiporudi kuchukua, hasara yako. Kodak walijua siri hiyo mapema. Mwaka 1900 walitoa kamera ya Brownie kwa dola moja tu kule Marekani, hela wakaisubiri kwenye mkanda.

Tena uso wa Bibi ni kiza. Leso yaonekana mpaka pindo, ndege yaonekana, uso hapana. Nilidhani ni uzee wa picha. Kumbe tangu miaka ya 1950 maabara za picha za rangi zilipima mashine zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Shirley akitoka vizuri, kazi imekwisha. Sisi tukabaki meno na macho. Sisemi Shirley peke yake ndiye aliyemfuta Bibi. Jua la saa saba nalo lina kesi.

Basi nikanunua Canon EOS 1100D ya mtumba, toleo la 2011, kwa shilingi 18,000. Wenzangu walinicheka: simu si yapiga? Yapiga, tena vizuri. Lakini kwenye harusi ya usiku Ukunda nataka faili ghafi, ile inayohifadhi kila kilichoonwa na kihisio, ili uso mweusi gizani niweze kuuinua baadaye bila kuuharibu. Kamera kuukuu hilo inaliweza. Ukienda kununua, zungusha lenzi karibu na sikio. Mchanga wa Diani ni laini kama unga na hukwaruza. Imulike kwa tochi uone kama ina ukungu ndani. Piga ukuta mweupe utafute vidoa.

Programu ndiyo mtego. Photoshop ilitoka 1990, na ilikuwa ukinunua ni yako. Mwaka 2013 Adobe wakatangaza kwamba matoleo mapya ni ya kulipia kila mwezi. Mei mvua ikishika, wageni hakuna, harusi zapungua, malipo yako palepale. Huo ni mkanda wa Kodak umerudi kwa jina jingine! Mimi natumia darktable kwa faili ghafi, na GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley na kutolewa 1996. Zote bure. GIMP ina ukaidi wake, sikudanganyi, wiki ya kwanza nilitaka kuitupa laptopu baharini.

Picha ya Bibi niliiskani, nikauinua uso polepole, kidogo kidogo, mpaka mashavu yakatokea, halafu kile kidoti cha kidevuni nilichokisikia tu kwa hadithi. Mama akaja akainamia skrini, akanyamaza kitambo.

"Usimng'arishe sana mwanangu. Mamangu hakuwa mweupe."

Nikarudi nyuma hatua mbili. Akasema hapo. Kisha akaniagiza niprinti tatu, moja ya shangazi wa Lunga Lunga.