Jinsi ya kupiga picha ya Njia Nyeupe kwa simu ukiwa uani kwako

Simu unayotumia kupokea malipo ya mazao na kusikiliza redio inaweza pia kupiga picha ya nyota. Si kila simu, na si kila usiku. Lakini ukijua siku ya kutoka, pa kusimama na namna ya kuiandaa kamera, unaweza kupata picha inayoonyesha nyota nyingi kuliko unavyoziona kwa macho.

Makala haya yanaeleza picha za anga pana, yaani zile zinazochukua sehemu kubwa ya anga kwa pamoja: Njia Nyeupe, makundi ya nyota, na mti au paa la nyumba chini yake. Picha za aina hii hazihitaji darubini.

Kwa nini wa kijijini ana bahati

Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha ramani ya dunia ya mwanga wa usiku. Ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu duniani hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe wakiwa nyumbani kwao. Taa za miji hurusha mwanga juu, hewa na vumbi vinautawanya, na anga lote linakuwa na rangi ya kijivu au ya chungwa.

Anayeishi pembezoni mwa mji bado anaweza kupiga picha nzuri, ila atalazimika kuuangalia upande ulio mbali na mji. Anayeishi kijijini mbali na barabara kuu yenye taa ana kitu ambacho wapiga picha wa Ulaya husafiri mamia ya kilomita kukitafuta: giza.

Chagua usiku kwanza

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutoka usiku wa mbalamwezi. Mwezi mpevu hung'arisha anga kiasi kwamba nyota nyingi hufifia. Toka siku chache kabla au baada ya mwezi kuandama. Kumbuka pia kwamba baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku tano baada ya mwezi mpevu, unachomoza baada ya saa nne usiku. Kabla ya hapo una giza la kutosha.

Subiri kama saa moja na robo baada ya jua kuzama, ndipo giza linapokamilika.

Miezi nayo ina mambo yake:

- Mei na Juni, mapema usiku, nyota nne za Msalaba wa Kusini zinaonekana wima upande wa kusini.
- Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya Njia Nyeupe. Sehemu yake nene na angavu, iliyo karibu na kundi la Nge, hufika juu usiku wa manane mwishoni mwa Juni, na kati ya saa mbili na saa tatu usiku mwezi Agosti. Kwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki hiki pia ni kiangazi, mawingu ni machache.
- Januari na Februari, kati ya saa mbili na saa nne usiku, nyota tatu zilizojipanga mstari zinakuwa karibu na utosi. Hizo ni mkanda wa Jabari. Upande wa kaskazini-magharibi wake utakiona Kilimia.

Andaa simu

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Alama ya kidole ambayo mchana huioni, usiku hugeuza kila nyota kuwa ukungu.

Kisha fungua kamera na utafute sehemu iliyoandikwa "Pro". Baadhi ya simu zina sehemu ya usiku inayojipanga yenyewe; simu za Pixel, kwa mfano, tangu mwaka 2019 zina njia maalumu ya kupiga nyota inayokusanya mwanga kwa dakika kadhaa. Ukiwa na sehemu ya "Pro", panga hivi:

1. Zima flashi. Haifiki kwenye nyota, inamulika vumbi na wadudu tu.
2. Muda wa kupokea mwanga: sekunde 10 hadi 15.
3. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga: 1600 ukiwa kijijini penye giza. Karibu na mji anza na 800, la sivyo picha itakuwa nyeupe.
4. Fokasi: iweke mwenyewe, uisogeze hadi mwisho kwenye alama ya mlima. Kamera ikiachwa itafute yenyewe gizani, hubahatisha.
5. Kipima muda: sekunde 3 au zaidi, ili mtikisiko wa kidole uishe kabla picha haijaanza.
6. Tumia lenzi kuu. Usikuze picha.

Kwa nini usizidishe sekunde 15? Kwa sababu dunia inazunguka. Anga huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa, na ndani ya dakika mbili nyota husogea umbali sawa na upana wa mwezi. Ukizidisha muda, nukta za nyota hugeuka kuwa vistari. Sisi tulio karibu na ikweta jambo hili linatuhusu zaidi, kwa sababu nyota zinazopita utosini kwetu ndizo zinazosogea kwa kasi kuliko zote angani.

Simu isitikisike

Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia sekunde 15. Stendi ya miguu mitatu inafaa, lakini si lazima. Weka simu juu ya kigoda au ndoo iliyopinduliwa, uiegemeze kwenye tofali au kifuko cha mchanga, kamera ikitazama juu. Mfuko wa mchele wa nusu kilo unashika simu vizuri kabisa. Epuka benchi ambalo wengine wamekalia.

Punguza mwanga wa skrini, na ukae gizani dakika 20 ili macho yako yazoee. Kila unapowasha tochi, macho huanza upya.

Picha moja haitoshi

Picha ya kwanza itakuwa na chenga, vile vinukta vya rangi vinavyofanana na vya televisheni yenye mawimbi mabaya. Usikate tamaa. Piga picha 16 mfululizo bila kuisogeza simu. Baadaye, kwenye kompyuta, programu ya bure kama Sequator inaweza kuzipanga nyota juu ya nyota na kuziunganisha. Nyota hubaki mahali pake, lakini chenga hubadilika kila picha, kwa hiyo zikichanganywa hupungua. Picha 16 hupunguza chenga hadi robo.

Kama huna kompyuta, chagua picha iliyo bora, uongeze utofauti wa giza na mwanga kidogo kwa programu ya simu. Kidogo tu, ukizidisha, anga linakuwa la zambarau.

Na kama simu yangu haina "Pro"?

Simu nyingi za bei ndogo hazikubali kukaa wazi sekunde nyingi. Jaribu kwanza programu nyingine za kamera, kwani wakati mwingine simu inaweza zaidi ya kamera iliyokuja nayo. Ikishindikana, piga vitu vyenye mwanga mkali: mwezi mchanga na sayari ya Zuhura juu ya migomba, nusu saa baada ya jua kuzama. Picha hiyo hata simu ya kawaida inaiweza.

Usalama na majirani

Mtu anayesimama peke yake uani usiku wa manane, akiwa na kitu kinachowaka mkononi, anaweza kufikiriwa mwizi, au mabaya zaidi. Waambie majirani mapema unachofanya, na wakaribishe waje waone. Usiende porini peke yako na simu ya thamani. Vaa viatu vilivyofunika miguu kwa ajili ya nyoka na nge wa ardhini, na nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Waulize wazee

Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lenyewe linahusiana na kulima. Kundi hilo hupotea katika mwanga wa jua mwezi Mei na kuonekana tena alfajiri mwezi Juni, na wakulima walilitazama kabla ya kuwapo kalenda ukutani. Mwanga wa Kilimia unaoingia kwenye simu yako umesafiri takriban miaka 440: uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593.

Ukishapata picha yako, mwonyeshe babu au bibi na umuulize majina ya nyota hizo kwa lugha ya nyumbani. Yaandike. Majina hayo mengi hayamo vitabuni, na anayeyajua akiondoka, yanaondoka naye.

Giza nalo linahitaji kutunzwa. Umeme unafika vijijini, na ni jambo jema. Lakini taa ya nje iliyofunikwa juu, inayomulika chini mlangoni, inakupa mwanga pale unapouhitaji na kuliacha anga kwa nyota. Balbu iliyo wazi humulika hata mawingu, na wewe ndiye unayelipia.